Mgeni asiyepewa jembe: Wanawake na wanaume katika kambi za Kigoma

Siku ya mgao katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, foleni huanza kujipanga kabla jua halijapanda. Wengi waliomo ni wanawake. Mtoto yuko mgongoni ndani ya kitenge, kadi ya familia iko mkononi, viroba vitupu vimekunjwa kwapani. Wanachofuata ni unga wa mahindi, njegere au maharage, mafuta ya kula, chumvi na unga wa uji, na kila kitu hupimwa kwa hesabu ya vichwa vilivyoandikwa kwenye kadi. Pembeni wapo vijana wa kiume wanaongoja kubeba mizigo ya wengine ili wapate chochote. Wanaume wengine hawakuja kabisa. Wako nyumbani, au kivulini kwenye bao, au karibu na redio wakifuatilia habari za Kivu na Bujumbura.

Mgeni anayepita haraka huondoka na jibu jepesi kwamba wanawake wa kambini ni wachapakazi na wanaume ni wavivu. Jibu hilo husemwa na watu wa kila aina, hata na wanaowahudumia wakimbizi kwa moyo safi. Silikubali. Ukiyatazama maisha ya kambi kwa muda mrefu utaona kwamba mwanamke amelimbikiziwa kazi zisizo na malipo, mwanamume amenyang'anywa kazi aliyoijua, na yote mawili yametokana na uamuzi mmoja: kumweka mtu mahali ambapo haruhusiwi kujitafutia riziki.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipolipuka mashariki mwa nchi ambayo wakati huo bado iliitwa Zaire. Watu wa Uvira, Fizi na Baraka waliingia mitumbwini na kwenye maboti, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Wengi walikuwa wakulima na wavuvi. Kambi ilikusudiwa kuwa ya muda. Mwaka 2015 wakaja Warundi waliokimbia machafuko yaliyofuata hatua ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni kilichobanwa na mlima, na kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwatoa huko hadi Kigoma mjini. Nyarugusu ilipita watu 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, ikabidi kambi za Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli wilayani Kakonko zifunguliwe ili kupunguza msongamano. Mtendeli nayo ikafungwa mwaka 2021, watu wake wakahamishiwa Nduta. Kuna akina mama waliokandika udongo na kufunga turubai Nyarugusu, wakarudia Mtendeli, kisha wakaanza upya Nduta.

Maisha ya watu hawa yanapangwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Mkimbizi anatakiwa kukaa katika eneo alilopangiwa, na kutoka kunahitaji kibali. Kwa miaka mingi mpaka uliozoeleka ulikuwa kilomita 4 kutoka kambini. Ardhi ya kulima haigawiwi. Kinachovumiliwa ni bustani ndogo ya mchicha na matembele ubavuni mwa nyumba. Anayekwenda kufanya kibarua katika shamba la mwenyeji, na wanakwenda wengi kwa sababu njaa haingoji kibali, anafanya hivyo akijua kwamba anaweza kukamatwa. Anajua pia kwamba mwenye shamba akimdhulumu ujira hana pa kushitaki, maana hata kuwepo kwake pale ni kosa.

Haikuwa hivi tangu zamani. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya Ujamaa. Miaka 10 baadaye, Warundi walipokimbia mauaji ya 1972, serikali yake iliyafuata maneno hayo kwa vitendo. Waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika ukanda ambao leo ni mikoa ya Tabora na Katavi, na familia zikagawiwa mashamba. Sisemi maisha yalikuwa rahisi. Ilikuwa pori, palikuwa mbali na kila kitu, na kutoka kwenda mjini kulihitaji karatasi. Lakini mwanamume alikuwa na shamba la mahindi na la tumbaku la kuwaonyesha wanawe, na mwanamke alikuwa na ghala. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yale yalikuwa yakijilisha yenyewe, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likayakabidhi kwa serikali. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Tuzo ya Nansen, heshima kubwa kuliko zote katika kazi ya wakimbizi. Mwaka 2014 takriban watu 162,000, wale wa 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Mambo yaligeuka mwaka 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili mwaka huo, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji wa turubai. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliohusika na mauaji ya kimbari. Misitu ilikatwa, ujambazi ukaongezeka, wenyeji wakachoka, na fadhila ya zamani ikageuka tahadhari. Mwaka 1997 jeshi liliwakusanya hata wakimbizi waliokuwa wameishi vijijini kwa miaka mingi, wengine wakiwa wameoa na kuolewa huko, wakapelekwa kambini. Mwaka uliofuata ikaja sheria. Naelewa hofu iliyoizaa, maana hakuna nchi inayoweza kupokea robo milioni ya watu kwa siku moja na kubaki kama ilivyokuwa. Lakini hofu ya mwaka 1994 inaendelea kumfunga mikono mtu aliyezaliwa mwaka 2004.

Tuanze na kuni, kwa sababu hapo ndipo maisha ya mwanamke wa kambini yanapoonekana wazi kuliko mahali pengine.

Chakula cha mgao hakiliwi kikiwa kibichi, na njegere kavu zinahitaji saa nyingi motoni. Kazi ya kuni, kama katika vijiji vyetu vingi, imewekwa mabegani mwa wanawake na wasichana. Miti ya karibu iliisha zamani. Kwa hiyo mama hutoka alfajiri na panga na kamba, mara nyingi pamoja na binti aliyepaswa kuwa darasani, akatembea kilomita kadhaa na kuvuka mpaka aliokatazwa kuuvuka. Huko anaweza kukutana na mwenye mamlaka anayemdai kibali, au na mwenye msitu anayemwita mwizi, au na mwanamume anayemvizia. Ubakaji wa wanawake wanaokwenda kuni umeandikwa katika kambi za Kigoma tangu miaka ya 1990. Umeandikwa vilevile Dadaab, Kenya, ambako mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa kugawa kuni kwa sababu hiyo hiyo. Aliyefanyiwa unyama huo mara nyingi hunyamaza. Akieleza, ataulizwa kwanza alikuwa anafanya nini nje ya kambi.

Msomaji atauliza kwa nini wanaume wasiende. Wengine wanakwenda. Lakini familia za wakimbizi zimepiga hesabu moja ya kutisha, iliyoelezwa kwa uwazi zaidi na wanawake wa Darfur, nchini Sudan: wakienda wanaume watauawa, wakienda wanawake watabakwa, kwa hiyo waende wanawake. Kigoma si Darfur, na hatari haifikii kiwango kile. Lakini kila asubuhi mama wa Nyarugusu anapima hatari ya mwili wake na ya mwili wa mumewe, na mara nyingi anaamua kwenda yeye. Asipoweza kwenda, anauza sehemu ya unga ili anunue mkaa wa kupikia unga uliobaki. Mgao unaopigiwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku hupungua hivyo kabla haujafika sufuriani. Na mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipokauka, mgao wenyewe ulishuka hadi nusu ya kiwango hicho. Upungufu wa namna hiyo humwangukia mama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayegawa sahani na yeye ndiye anayejiwekea mwisho.

Suala la pili ni kadi. Kwa muda mrefu kadi ya mgao iliandikwa jina la baba, kama mkuu wa familia. Baba akichukua mke wa pili, au akiuza mafuta ili anywe, au akimpiga mkewe hadi akakimbia, kadi ilibaki kwake. Mwanamke aliyeondoka aliondokea njaa. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu ukatili wa kingono na wa majumbani katika kambi za wakimbizi za Tanzania, na malalamiko ya wanawake yakasikika nje ya uzio. Mwaka uliofuata UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Miongoni mwake ni kwamba kila mwanamke aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, awemo katika kamati za kambi na katika kusimamia mgao, na apewe vifaa vya hedhi. Kwa mtu aliyeko mbali ahadi hizo zinaweza kuonekana ndogo. Kwa mama wa watoto sita aliyekuwa akilala mlango mmoja na anayempiga kwa sababu jina lake halikuwa kwenye karatasi, zilikuwa na uzito wa uhai.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki na yanapaswa kulindwa. Hata hivyo, nyumbani yalikuta jambo jingine limeshaanza. Mtafiti wa Denmark, Simon Turner, alifanya utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, iliyokuwa ya Warundi. Alikuta malalamiko yale yale yakirudiwa na wanaume: wake zetu hawatuheshimu tena, maana anayewalisha ni UNHCR, anayewavika ni UNHCR, anayewapa paa ni UNHCR, shirika limekuwa ndilo mume. Ndani ya malalamiko hayo umo ubinafsi wa mwanamume aliyezoea kutiiwa. Umo pia ukweli. Katika jamii za Burundi na Kivu, kama katika jamii zetu, kijana hufundishwa tangu utotoni kwamba uanaume wake ni jembe lake, wavu wake, ng'ombe wake, nyumba aliyojenga. Mvuvi wa Baraka aliyefika Nyarugusu mwaka 1996 alitoka kwenye ziwa akaletwa kwenye vilima vikavu, akapewa unga kwa kipimo sawa na mtoto wake mchanga. Mwanawe amekua hajui kutupa wavu. Kijana akitaka kuoa, mahari ataitoa wapi?

Wapo waliopata pa kushika. Wengine ni walimu, wahudumu wa afya, wakalimani au walinzi wa sungusungu, kwa posho ndogo isiyolingana na mshahara wa Mtanzania anayefanya kazi hiyo hiyo kando yao. Wapo vinyozi, mafundi cherehani, mafundi redio. Wapo wachungaji wa makanisa ya udongo wanaojaza watu kila Jumapili. Lakini waliobaki bila kazi ni wengi kupita kiasi, na pombe ya kienyeji haikosi mteja. Sehemu kubwa ya ugomvi wa majumbani huanzia katika kugombania mgao: nani ameuza unga, pesa imekwenda wapi, nani amri yake inasikika ndani ya nyumba hii. Anayempiga mkewe anatenda kosa la jinai na anastahili kushitakiwa, awe mkimbizi au mwenyeji. Ninachosema ni kwamba huwezi kumkalisha mtu bure kwa miaka 20 kwa nguvu ya sheria, kisha ukadhani semina ya saa mbili kuhusu usawa wa kijinsia itamponya.

Kuna jeraha jingine ambalo wanaume hawalitaji kabisa. Katika vita vya Kongo hawakubakwa wanawake peke yao. Mradi wa Sheria kwa Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzishwa mwaka 1999, umekutana Uganda na wanaume wengi wa Kikongomani waliodhalilishwa na wapiganaji, wakaishi na maumivu ya mwili bila kumwambia daktari wala mke. Kliniki zilizojengwa kwa ajili ya waliobakwa zilimtarajia mwanamke mlangoni. Baadhi ya wanaume hao walijikusanya mjini Kampala wakaunda chama chao, wakakiita Men of Hope, wakaanza kusaidiana na kusema. Kwa hiyo yule mzee tunayemwona kambini amekaa peke yake asubuhi mpaka jioni, tusiharakishe kumwita mvivu. Hatujui alichobeba.

Wanawake nao hawakukaa kungoja huruma. Kambini utakuta vikundi vya kuweka na kukopa, upatu wa kila wiki, wanaotengeneza sabuni, wanaokaanga mandazi, wanaoshona vitenge kwa mashono ya Kikongo yanayopendwa hadi Kigoma mjini. Palipokuwa na soko la pamoja, wanawake wa Kiha kutoka vijiji vya jirani kama Makere walileta ndizi, mihogo na dagaa, wakaondoka na unga, mafuta na nguo. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo hata mkalimani hakuhitajika. Wenyeji walinufaika vilevile na hospitali ya kambi, ambako mama mjamzito wa kijijini hupokewa pamoja na mkimbizi. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha badala ya chakula. Mama aliyekuwa na fedha mkononi aliweza kuchagua anunue nini, na muuzaji wa kijijini alipata mteja. Mwaka 2017 mpango huo ukasimamishwa. Mwaka 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maendeleo, ikitaja usalama na upungufu wa fedha zilizoahidiwa. Kisha masoko ya pamoja yakafungwa. Aliyeumia wa kwanza ni mwanamke mwenye meza ya nyanya, wa pande zote mbili za uzio.

Watoto nao wamekuwa wakisomeshwa kwa mitaala ya makwao: Wakongomani kwa Kifaransa na mtaala wa Kongo, Warundi kwa mtaala wa Burundi, ili siku ya kurudi wasianze upya. Wapo waliomaliza shule hiyo, wakazaa, na sasa wanaandikisha watoto wao katika madarasa yale yale bila wenyewe kukanyaga Kongo hata mara moja. Na Kongo ya kurudia iko wapi? Januari na Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma na Bukavu. Mlango mwingine, wa kupelekwa nchi ya tatu, nao ulifungwa mwezi huo huo wa Januari Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kipigo hicho kiliwapata Wakongomani kuliko wengine, kwa kuwa mwaka wa fedha wa 2024 wao ndio walioongoza kwa wingi kati ya wakimbizi walioingia Marekani. Familia iliyokwisha kuhojiwa na kupimwa afya, ikagawa vyombo vyake kwa majirani, inarudi kuviomba.

Serikali ina hoja, na si haki kuzipuuza. Tanzania imepokea wakimbizi tangu kabla ya Uhuru, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikihifadhi zaidi ya 200,000 huku mataifa tajiri yakipunguza michango na kujenga kuta. Misitu ya Kigoma imeliwa kweli. Silaha zimewahi kupita mpakani kweli. Lakini mkimbizi anayelima hahitaji kuuza mafuta ya mgao, na mwenye leseni ya biashara anajulikana alipo kuliko anayejipenyeza porini usiku. Majirani zetu wameanza kuliona hilo. Uganda huwapa wakimbizi wengi kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021, na mwaka 2025 ikazindua Mpango wa Shirika wenye lengo la kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi yenye huduma za pamoja kwa mkimbizi na mwenyeji. Mipango hiyo ina matatizo yake, ya fedha hasa. Hata hivyo imeelekea kule ambako sisi tulikuwa wa kwanza kufika, Katumba na Mishamo.

Kwa hiyo Wizara ya Mambo ya Ndani na Bunge waombwe mambo yanayowezekana bila kungoja mfadhili. Masoko ya pamoja yafunguliwe, yasimamiwe na halmashauri za Kasulu na Kibondo na yakusanye ushuru kama soko lolote. Kibarua cha shambani kihalalishwe kwa kibali rahisi cha msimu, ili mwanamume wa kambini alime mchana kweupe na alipwe kinachostahili. Nishati ya kupikia igawiwe pamoja na chakula, ili mama asitoke kwenda kuni. Na sheria ya 1998 irudi bungeni isomwe upya, kwa kuwa wengi wa wanaobanwa nayo leo walikuwa hawajazaliwa ilipopitishwa.